Kundi Nyuma ya Shujaa: Utangulizi wa Vitabu vya Makundi katika Michezo ya Mashujaa

Uwanja unaouingia ni mchanga na waliotutangulia humu si wengi. Wengi wao walianza kama wachezaji, usomi ukafuata baadaye. Maandishi tutakayoyasoma yaliuzwa kama vifaa vya burudani, yakapita mkono kwa mkono hadi kurasa zikalegea, na vyuo vikuu havikuyatazama kwa muda mrefu. Mimi nayapenda, na sioni sababu ya kuficha mapenzi hayo. Nayapenda kwa kuwa yanalishika kwa mikono miwili swali ambalo hadithi za mashujaa hulikwepa mara nyingi: mtu aliyewazidi wenzake wote kwa nguvu, awajibike kwa nani?

Tuanze na mchezo wenyewe, maana bila mchezo vitabu hivi havieleweki. Watu wanne, watano au sita wanaizunguka meza. Mmoja wao ni mwendeshaji: anaeleza mahali na tukio, na anawasemea watu wote wa ulimwengu ule wa kubuni isipokuwa wahusika wakuu. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, na sifa za mhusika huyo zimeandikwa kwa tarakimu kwenye karatasi. Mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, dadu zinarushwa. Hakuna mshindi, na hakuna anayejua hadithi itaishia wapi, hata mwendeshaji. Kanuni zimo katika kitabu kikuu, kisha hufuata vitabu vya nyongeza: cha mji fulani, cha silaha, cha maadui. Kitabu cha kundi ni kile kinachochukua chama kimoja, shirika, jeshi la siri au dini ndani ya ulimwengu huo na kukifungua mpaka vyumba vya ndani. Kina waasisi, vyeo, siri, mahali pa kukutania, mambo ambayo mwanachama haruhusiwi kuyafanya na yatakayompata akiyafanya. Hadithi yenye mwanzo na mwisho hakina. Kimeandikwa ili kimaliziwe na watu ambao mwandishi wake hatawaona kamwe.

Mizizi ya vitabu hivi ni mirefu kuliko michezo ya mashujaa. Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul huko Minnesota, David Wesely aliwaandalia wenzake mchezo wa vita wa zama za Napoleon. Michezo ya aina hiyo kwa kawaida ilikuwa na pande mbili na majeshi ya vinyago vidogo. Wesely akabuni mji wa Kijerumani aliouita Braunstein, akampa kila mchezaji mtu mmoja wa kuigiza, huyu meya, yule mkuu wa chuo, na kila mtu akawa na lengo lake. Jeshi halikuwahi kupambana kama ilivyopangwa. Wachezaji walianza kuvutana pembeni, kunong'onezana, kula njama. Wesely aliona jaribio lake limevurugika. Wachezaji wakaomba jingine. Miongoni mwao alikuwa Dave Arneson, ambaye baadaye, pamoja na Gary Gygax, alitoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Kwa hiyo kabla ya majoka na mashimo ya hazina, mchezo huu ulikuwa na watu wenye malengo yanayogongana ndani ya mji mmoja. Naomba msomaji aliweke hilo moyoni, kwa sababu historia nyingi za michezo hii huanza na upanga na kuisahau ile minong'ono.

Miaka kumi baada ya Braunstein kikatokea kitabu ambacho kwangu ndicho mzazi wa uwanja huu. Cults of Prax, cha Steve Perrin na Greg Stafford, kilichapishwa na kampuni ya Chaosium ya California mwaka 1979 kwa ajili ya mchezo wa RuneQuest. Hakuna humo shujaa mwenye joho na nembo kifuani. Kinahusu dini za nyika ya Prax katika Glorantha, ulimwengu ambao Stafford aliubuni. Kila dini inaelezwa kwa mpangilio uleule: masimulizi ya mungu wake, nafasi yake katika jamii, ngazi za waumini, masharti ya kuingia, kafara zinazotolewa, dini zinazoelewana nayo. Katikati ya maelezo hayo anapita mfanyabiashara, Biturian Varosh, akiandika habari za safari yake na jinsi alivyopokewa huku na kule. Maelezo yanakuambia dini inavyojieleza yenyewe. Safari ya Biturian inakuonyesha waumini walewale wakiwa na njaa, na hasira, na ukarimu wasioutarajia wao wenyewe. Halafu kuna gharama. Anayetaka muujiza wa mungu wake hutoa sehemu ya nguvu za nafsi yake, na tarakimu kwenye karatasi inapungua pale pale mbele ya macho yake. Kuirudisha ni kazi. Imani ikawa kitu ambacho mchezaji anakihisi mkononi, anapofuta namba moja kwa raba na kuandika nyingine iliyo ndogo.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kushawishiwa sana kwamba cheo cha mchezo kinaweza kuwa na uzito wa kweli. Ngoma ya beni, ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliitolea kitabu mwaka 1975, ilikuwa na vyama vyenye sare, maofisa na wafalme wa kubuni; vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa miaka mingi, pwani na bara. Aliyeitwa jenerali katika beni hakuwa na kikosi wala bunduki, lakini alikuwa na watu waliomtazamia, na chama kilitarajia wanachama wasaidiane katika shida na misiba. Wakubwa wa serikali ya kikoloni waliiangalia beni kwa wasiwasi, na hawakukosea kuona kwamba pale palikuwa na zaidi ya ngoma. Mtu aliyevaa cheo kwa mchezo alijifunza kuamuru, kutii, kuchanga na kudaiwa. Kitabu kizuri cha kundi kinautafuta uzito wa namna hiyo, na kinapoupata mchezo hubadilika.

Sasa tumfikie shujaa. Superman alitoka mwaka 1938 akiwa peke yake, na umbo la hadithi yake likawa mzigo kwa kila mchezo uliokuja baadaye. Katika umbo hilo mwovu hupanga na shujaa hujibu. Benki isipovunjwa, shujaa hana kazi ya kufanya siku hiyo. Kwenye kurasa za katuni jambo hilo halisumbui, maana mwandishi mmoja ndiye anayewasogeza wote wawili. Mezani linasumbua sana: wachezaji watano wenye uwezo wa kuruka angani na kuinua malori wamekaa kimya, wakisubiri mwendeshaji awaletee jambazi. Wana nguvu zote isipokuwa sababu.

Katuni zenyewe zilianza kuitafuta sababu hiyo kwa kuunda vikundi. Chama cha kwanza cha mashujaa, Justice Society of America, kilitokea mwaka 1940. Lakini hatua iliyoleta matunda kwa uwanja wetu ni ya mwaka 1965, ambapo toleo moja la jarida la Strange Tales liliwaletea wasomaji S.H.I.E.L.D. na adui yake Hydra kwa pamoja. Vita Baridi vilikuwa vimepamba moto, na filamu za majasusi zilikuwa zimejaa kwenye majumba ya sinema. Nguvu za ajabu zikapata ofisi, bajeti, mkubwa wa kazi na mlinzi wa mlangoni. Ukilisoma toleo hilo kwa jicho la leo utaona kwamba ndani yake mmejificha takriban kila kitabu cha kundi kilichoandikwa tangu hapo, kwa sura ya shirika moja linalodai kulinda, jingine linalodai kutawala, na mawakala wa kawaida wasio na nguvu yoyote waliobanwa katikati.

Mchezo wa kwanza wa mashujaa kuchapishwa, Superhero: 2044 wa Donald Saxman, ulitoka mwaka 1977, ukafuatwa mwaka 1979 na Villains and Vigilantes wa Jeff Dee na Jack Herman, ambamo mchezaji alijiigiza yeye mwenyewe akiwa amepata nguvu. Inafaa kuitaja hadithi moja iliyotolewa kwa ajili ya mchezo huo mwaka 1982, Crisis at Crusader Citadel, kwa sababu inaanza na wachezaji wanaoomba kujiunga na kikosi maarufu cha mji. Yaani shujaa anabisha hodi. Tayari kuna mlango, na kuna mtu ndani anayeweza kumkatalia.

Mwaka 1981 George MacDonald na Steve Peterson wa California walitoa Champions, na hapa naomba tukae kidogo. Katika mchezo huu hakuna anayepewa mhusika kwa bahati ya dadu. Kila mchezaji hupewa alama 100 na kununua kwazo nguvu anazozitaka: kuruka kuna bei, ngozi isiyopenywa na risasi ina bei. Alama 100 hazitoshi kumpata shujaa wa maana. Zinazobaki mchezaji huzipata kwa kukubali udhaifu, na miongoni mwa udhaifu huo kuna wa kuwindwa. Unaandika kwenye karatasi yako jina la anayekuwinda na namba yake: 8, 11 au 14. Kila mnapokutana kucheza, mwendeshaji hurusha dadu tatu. Jumla ikiwa sawa na namba yako au chini yake, mwindaji yumo katika kisa cha siku hiyo. Kwa namba 8 hilo hutokea takriban mara moja katika nne. Kwa 11 linapita nusu. Kwa 14 ni mara 9 katika 10, na maisha ya mhusika wako hayana siku ya kupumua.

Hebu tulitazame jambo hili polepole. Adui amechaguliwa na mchezaji, tena mchezaji amelipwa kwa kumchagua. Uwezo wa kuruka na kuwindwa na maadui vimetoka kwenye mfuko mmoja wa alama, kwa hiyo anayeruka anajua, kila anapoinuka, ni nani aliyemlipia. Sijaona katika fasihi ya mashujaa maelezo mafupi zaidi ya uhusiano kati ya nguvu na deni. Na hapo ndipo kundi linapomshinda mtu mmoja. Mwovu wa pekee akikamatwa na kufungwa, alama ulizolipwa kwa ajili yake zinakosa maana mpaka atoroke. VIPER, lile shirika la uhalifu lenye alama ya nyoka ambalo wachezaji wa Champions wamelijua kwa miongo mingi, huwezi kulifunga. Ukilivunja tawi la mji mmoja, linabaki la mji wa pili. Matoleo ya baadaye ya kanuni yaliongeza jambo la maana sana: mwindaji mwenye ushawishi nje ya uwanja wa mapigano, anayeweza kumnunua hakimu, kumfukuzisha mtu kazi au kumharibia jina kwenye magazeti, anampatia mchezaji alama zaidi. Waandishi walikuwa wametambua kwamba ngumi ndiyo silaha ndogo kuliko zote ambazo taasisi inazo.

Namba hiyo moja kwenye karatasi ndiyo iliyodai vitabu. Ukishaandika kwamba unawindwa na shirika, wenzako mezani watauliza: linataka nini, lina watu wangapi, linafikaje hapa, nani analiongoza, na kwa nini limekuchagua wewe? Champions ilianza kwa kutoa kitabu cha maadui mmoja mmoja mwaka huohuo wa 1981, kisha katika miaka ya 1980 vikafuata vitabu vya mashirika. Kimojawapo kiliweka PRIMUS, wakala wa serikali ya Marekani, bega kwa bega na DEMON, kundi la wachawi. VIPER nalo likapata kitabu chake. Msomaji wa leo akivifungua atakutana na chati za vyeo, ramani za ngome, orodha za magari, na atajaribiwa kuviona vikavu. Avisome kama mtu asomavyo hati za kampuni anayotaka kuishitaki. Kila cheo ni mtu anayeweza kushawishiwa, na kila ngome ni mahali ambapo mtu fulani anapika, anafagia na anasikia mengi.

Michezo ya kampuni kubwa za katuni ilifuata, Marvel Super Heroes ya Jeff Grubb kutoka kampuni ya TSR mwaka 1984 na DC Heroes ya Greg Gorden kutoka kampuni ya Mayfair mwaka 1985. Vitabu vyao vya vikundi vina thamani zaidi kama kumbukumbu za katuni zenyewe, maana makundi yalikuwa yamekwisha kubuniwa na wengine, na mwandishi wa mchezo alibaki na kazi ya kuyapanga. Nalitaja jambo moja tu: katika mchezo wa Marvel, shujaa alijilimbikizia akiba iliyoitwa Karma kwa matendo mema, na alipoua aliipoteza yote. Kikundi kiliweza kuweka akiba yake pamoja. Maadili ya chama yakawa hesabu ya pamoja, na tabia ya mmoja ikawa shauri la wote.

Mapinduzi yaliyofuata yalitoka nje ya mashujaa. Vampire: The Masquerade, wa Mark Rein-Hagen na kampuni ya White Wolf, ulitoka mwaka 1991 na kuwagawa wahusika wake katika koo, kila ukoo na tabia yake, fahari yake na laana yake, na muda mfupi baadaye kila ukoo ukaanza kuandikiwa kitabu chake. Mchezaji sasa hakununua kitabu ili amjue adui, alinunua ili ajijue. Mabadiliko hayo ni makubwa. Yalileta pia ugonjwa ambao uwanja huu haujapona: ili kitabu kipya kiuzike, wanachama wa kundi jipya hupewa nguvu zinazozidi kidogo zile za kitabu cha jana, na baada ya vitabu kumi meza imejaa wahusika ambao hakuna kisa kinachowatosha. Mhakiki asiogope kulisema hili. Kitabu kinachouza nguvu huku kikijifanya kinauza imani kimelikimbia somo lake.

White Wolf hiyohiyo ndiyo iliyoleta Aberrant mwaka 1999, kazi ninayoiona kuwa kilele cha makundi katika michezo ya mashujaa. Kisa chake ni hiki: Machi 1998 chombo cha angani kiitwacho Galatea kinalipuka, na baada ya mlipuko huo watu wachache duniani wanaanza kupata nguvu zisizo za kawaida. Wanaitwa nova. Mchezo unaanza mwaka 2008, miaka kumi baadaye, dunia ikiwa imekwisha kuwazoea, kuwaabudu na kuwaajiri. Mchezaji haulizwi kama yeye ni mwema au mwovu. Anaulizwa anasimama wapi. Kuna Project Utopia, taasisi tajiri inayotumia nova kusafisha bahari, kustawisha jangwa na kutuliza vita, ikiwa na kikosi chake maarufu cha Team Tomorrow. Kuna Teragen, wafuasi wa Divis Mal, wanaoamini kwamba nova wamekwisha kuwa viumbe vingine na sheria za binadamu haziwahusu tena. Kuna mamluki wanaouza nguvu zao kwa anayelipa, na kuna Directive, ushirikiano wa kijasusi wa nchi zenye hofu. Na kuna wachache wanaokimbia huku wakibeba siri: ndani ya Utopia kuna idara iliyojificha, Proteus, inayowafanya nova wawe tasa bila wao kujua, katika zahanati zilezile wanakokwenda kupimwa afya. Jennifer Landers, aliyeigundua siri hiyo, aliuawa, na rafiki zake ndio waliounda kundi lililoupa mchezo jina.

Tazama ufundi wa mpangilio huo. Kundi linalofanya mema mengi kuliko yote ndilo lenye kosa zito kuliko yote, na mema yale ni ya kweli. Watu wanakula kwa sababu ya Utopia. Mchezaji aliyejiunga nayo, akaona jangwa likigeuka kijani, kisha akaletewa hati za Proteus, ana kazi ngumu usiku ule kuliko kupigana na jitu lolote. Kinyume chake Teragen, ambao wangekuwa wabaya wa kawaida katika katuni, wanapewa hoja zao kwa ukamilifu, na ukizisoma kwa haki utaona kwamba baadhi ya watu mezani watazikubali. Sehemu kubwa ya kitabu kikuu imeandikwa kama nyaraka za ulimwengu ule wenyewe, makala, barua na mazungumzo yaliyonaswa, na kila waraka una mwandishi mwenye masilahi. Hakuna sauti ya kuaminika inayokuambia ukweli ni upi. Mbinu ya Biturian Varosh imerudi, safari hii bila mwenyeji mwema wa kukushika mkono.

Tena kuna kivuli juu ya yote. Miaka miwili kabla, mwaka 1997, White Wolf ilikuwa imetoa mchezo uliokuja kuitwa Trinity, unaotokea mwaka 2120, na humo warithi wa nova hao wamekwisha kuwa maangamizi yanayoivamia dunia kutoka angani. Wachezaji wengi wa Aberrant waliijua hatima hiyo kabla ya kurusha dadu ya kwanza. Wapo waliolalamika kwamba hatima iliyoandikwa inaua uhuru wa meza. Siafikiani nao. Mtazamaji wa tanzia anajua mwisho na bado anatetemeka, kwa kuwa anachokifuatilia ni njia. Kujua kwamba wote wanaweza kuanguka kunalifanya kila kundi kuwa jaribio la kuuzuia mwisho huo, na kila kundi linaonekana kuwa na sehemu ya jibu ambayo mengine hayana.

Afrika imo katika vitabu hivi, na msomaji wa Kiswahili ana haki na wajibu wa kuuliza imo vipi. Katika Aberrant, ardhi kavu ya Ethiopia ndiyo inayostawishwa na Utopia, na Addis Ababa inakuwa dirisha la kuonyeshea mafanikio yake. Ni heshima na ni tatizo kwa wakati mmoja. Addis Ababa ya kweli ni makao ya Umoja wa Afrika, mji wenye wanasiasa, wasomi na makanisa. Katika mchezo unang'aa kwa sababu wageni wenye nguvu wameamua ung'ae. Meza yoyote ya Nairobi, Arusha au Kampala itaiuliza Utopia swali ambalo waandishi hawakulipa nafasi ya kutosha: wenyeji wa ardhi hiyo waliulizwa? Kwa upande wa Marvel tunaye Ororo Munroe, yaani Storm, aliyeingia katika X-Men mwaka 1975: mama yake ni Mkenya, baba yake Mmarekani, na kabla ya kujiunga na kikosi aliabudiwa nchini Kenya kama mungu wa mvua. Takriban kila kitabu cha mchezo kuhusu X-Men, hadi kile cha mwaka 2024, kina ukurasa wake. Utakuta humo kiwango cha umeme wake na upepo wake. Waliomwomba mvua hawana ukurasa. Nasema hivi bila kinyongo. Ni mwaliko wa kazi. Kundi la watu waliowahi kumwabudu binti, kisha wakamwona akiondoka kwenda shule ya mbali Marekani, ni kitabu kamili ambacho bado hakijaandikwa, na anayefaa kukiandika ni mtu anayejua mvua ikichelewa watu husemezana nini.

Kazi za karne hii zimelirudisha kundi ndani ya mwili wa mhusika kwa njia mpya. Masks, wa Brendan Conway, ulitolewa na Magpie Games mwaka 2016, na wahusika wake ni mashujaa vijana wa mji wa Halcyon City. Badala ya tarakimu za misuli, karatasi ina tarakimu za jinsi kijana anavyojiona: ni hatari, ni kituko, ni mwokozi, ni bora kuliko wengine, ni mtu wa kawaida. Mtu mzima mwenye ushawishi juu yako akikuambia wewe ni nani, namba moja inapanda na nyingine inashuka, isipokuwa ukatae maneno yake kwa dadu. Mchezo huu una kitabu kizima kuhusu A.E.G.I.S., shirika linalowasimamia watu wenye nguvu. Ukikisoma huku ukiikumbuka kanuni hiyo, utaona kwamba kila afisa wake ni mtu mzima anayeweza kumbadilisha kijana kwa sentensi moja. VIPER lilihitaji dadu tatu ili likufikie. A.E.G.I.S. inahitaji kukuita ofisini na kukusifu.

Kwa mwanafunzi anayeingia, ugumu wa uwanja huu ni mmoja: maandishi yenyewe ni nusu ya kitu tunachokichunguza. Nusu ya pili hutokea mezani, kwa sauti, na kupotea. Gary Alan Fine, mwanasosholojia aliyekaa na wachezaji wa Minnesota na kuchapisha Shared Fantasy mwaka 1983, alionyesha kwamba inawezekana kuisoma nusu hiyo kwa kukaa, kusikiliza na kuandika. Jon Peterson, katika Playing at the World ya mwaka 2012, alionyesha kwamba magazeti madogo na barua za wachezaji wa zamani zinaweza kufufua meza zilizokwisha kufa. Wote wawili walishughulika na mchezo kwa ujumla. Kitabu cha kundi, kama aina ya maandishi yenye kanuni zake, bado kinamsubiri mtu wake, na watafiti waliozoea kusoma fasihi simulizi, ambao hawashtuki wakiambiwa kwamba kazi hukamilika mbele ya hadhira, wana vifaa vinavyofaa kuliko wengi.

Anayetaka kuanza, nashauri aanze na Cults of Prax, aifuatishe na Champions akiwa na dadu mkononi, kisha Aberrant, na mwisho Masks. Katika kila kitabu atafute mambo matatu: nani anaweza kumfukuza mwanachama, mwanachama hupoteza nini akibaki, na ni sauti gani ndani ya kitabu inayolisema kundi vibaya. Kitabu kisicho na sauti hiyo ni tangazo. Halafu awatafute watu watatu, awape vyeo tofauti ndani ya kundi moja, na awaletee shauri moja la kuamua: mtu aliyewahi kuwaua wenzao anaomba kuingia, na anazo nguvu wanazozihitaji. Aandike nani alisema nini, nani alinyamaza, na ni ukurasa gani wa kitabu walioufungua ili kutafuta ruhusa ya kufanya walichokwisha kutaka kukifanya. Daftari hilo na kitabu kilichojaa mistari ya kalamu, avilete vyote viwili darasani.